Maswali ya Wasomaji: Jasho lile lile, pato tofauti

Toleo lililopita tulisema kwa kupitia tu kwamba kwenye nchi ambazo watu wana uhuru mkubwa wa kiuchumi, mfanyakazi mmoja huwa anazalisha zaidi. Sentensi moja tu, kumbe tumechokoza mzinga. Meseji zimemiminika na nyingi zimetoka Kigoma na Tabora, sijui ndo kusema watu wa mwisho wa reli wana hasira zaidi au wana muda wa kusoma zaidi. Tumechagua sita, ndefu tumezifupisha na matusi tumeyatoa.

Habari za kazi mhariri. Mimi niko Kibirizi, kazi yangu ziwani, tunashuka jioni na boti tunarudi asubuhi, mbalamwezi ikiwa kali tunakaa tunashona nyavu. Nina shemeji yuko nje, kila akipiga simu anasema sisi huku wavivu ndo maana hatuendelei, eti huko nchi iko huru kiuchumi kila mtu anachapa kazi. Sasa nauliza, mtu anayekesha majini uvivu wake uko wapi? na huo uhuru wa uchumi ndo kitu gani hasa? – Msomaji, Kibirizi

Mwambie shemeji kwamba mtu anayeingia majini jioni akatoka asubuhi nguo zimelowa hawezi kuitwa mvivu, hasa na mtu aliyelala usiku kucha. Ila ukiacha dharau, shemeji anachanganya mambo mawili. Kuchapa kazi ni kitu kimoja na tija ni kitu kingine. Tija wanachukua thamani ya kilichozalishwa wanagawanya kwa watu waliofanya kazi au kwa masaa waliyofanya, basi, jasho halimo kabisa kwenye hiyo hesabu.

Chukua hizo dagaa zenu. Boti mbili zimetoka usiku mmoja zimepata beseni sawa sawa. Wa kwanza dagaa zake zinaanikwa chini kwenye mchanga, mvua ikishuka mchana ndo basi tena, na zinazopona zina mchanga ndani kwahiyo mnunuzi anabana bei anavyotaka. Wa pili anaanika kwenye vichanja vya waya, upepo unapita juu na chini, zinakauka haraka tena safi, anapata mnunuzi wa kuzipeleka mbali. Wote wamekesha, wote wana macho mekundu, lakini ukigawanya shilingi kwa kichwa huyu wa pili yuko juu na hajaongeza hata tone la jasho. Sasa jiulize kwa nini yule wa kwanza hana vichanja. Inawezekana hana mtaji na hakuna anayemkopesha, inawezekana pale anapoanika anaweza kuambiwa hama kesho kwahiyo haoni sababu ya kuzika hela pale, inawezekana kila gunia likitoka linakutana na tozo na faida ya kuwa na dagaa safi inaishia njiani. Hayo matatu yote ndo mambo ya uhuru wa uchumi, ingawa hakuna mtu mwaloni anayeyaita hivyo.

Kwa wale wanaotaka vipimo, vipo viwili maarufu. Kimoja cha taasisi ya Heritage ya Washington, kinatoka tangu 1995, wanatoa alama 0 mpaka 100, kingine cha Fraser ya Canada kilichoanza 1996, chenyewe ni 0 mpaka 10. Wanaangalia kama mali yako inalindwa, kama mahakama inaamua bila upendeleo, kama hela inashika thamani yake, ugumu wa kufungua na kufunga biashara, biashara na nchi za nje, kodi, ukubwa wa serikali, sheria za kazi. Singapore imekaa juu kule kwa miaka mingi. Na ni kweli ukizipanga nchi kwa hizo alama, kwa ujumla zile za juu mfanyakazi wake anazalisha thamani kubwa kuliko zile za chini, hilo halina ubishi. Ubishi ni kipi kimezaa kipi, mana nchi ikishakuwa tajiri ina uwezo wa kulipa mahakimu vizuri na kupunguza usumbufu, kwahiyo huwezi kusema tu uhuru ulitangulia kila mahali. Alafu kuna jambo watu hawalisemi, hiyo hiyo Singapore sehemu kubwa ya ardhi ni ya serikali na wananchi wengi sana wanaishi kwenye nyumba zilizojengwa na shirika la umma. Kwahiyo anayekwambia uhuru wa uchumi ni serikali kwenda likizo anakudanganya.

Mfano ninaoupenda mimi uko hapa hapa kwetu. Mwaka 1972 Warundi wengi walikimbia mauaji kwao wakaingia Tanzania, serikali ikawapa maeneo walime, Ulyankulu huko Tabora, na Katumba na Mishamo ambazo leo ziko Katavi. Wakalima mahindi, maharage, tumbaku, wakauza, wakalipa kodi, na miaka mingi baadae maelfu kwa maelfu wakapewa uraia. Miaka ya 90 wakaja wengine, na kuanzia 2015 wengine tena, nchi ile ile, ila hawa waliwekwa kambini, Nyarugusu, Nduta, na kutoka nje ya eneo ilikuwa mpaka kibali. Mtu ni yule yule jamani, jembe analishika vile vile. Wa Ulyankulu aliuza chakula, wa Nduta alipanga foleni ya chakula. Serikali ina sababu zake, usalama, ardhi, wingi wa watu, na sitaki kubishana nazo kwenye safu hii, lakini tofauti hiyo haina uhusiano wowote na uvivu.

Na nyie wa ziwani mna kitu ambacho viwanda vingi vingekitamani, mgao. Mafuta na gharama zikishatolewa mwenye boti anachukua fungu lake na wavuvi lao, kwahiyo usiku hakuna msimamizi anayehitajika kupiga kelele, kila mtu anajua akizembea kwenye kuvuta wavu anajizembea mwenyewe. Jasho linarudi kwa aliyelitoa. Ongezea na taarifa. Kule Kerala, India, minara ya simu ilipofika pwani kati ya 1997 na 2001, wavuvi wakaanza kupiga simu wakiwa bado majini kuuliza mwalo upi una wanunuzi. Kabla ya hapo kila mtu alikuwa anatua kwao, huku samaki wanamwagwa kwa kukosa mteja na kijiji cha jirani wateja wamekosa samaki. Mchumi Robert Jensen aliyelifuatilia alikuta samaki wa kumwagwa wameisha kabisa, faida ya wavuvi imepanda kama asilimia 8 na mlaji amepunguziwa bei kama asilimia 4. Hakuna aliyevua kwa nguvu zaidi.

Najua utaniuliza na lile la kufungwa uvuvi Ziwa Tanganyika, 15 Mei mpaka 15 Agosti 2024, kama sio kunyang'anywa uhuru. Kwa miezi hiyo mitatu ndio, na watu waliumia, sitalipamba. Ila ziwa ni la nchi nne na halina ukuta, kila mtu akivua anavyojisikia basi mwakani mtakesha masaa yale yale kwa beseni nusu. Kwenye mali ya wote sheria ndo inayolinda tija. Mimi lawama yangu ni kwa wanaofunga bila kuwaandalia watu kitu cha kufanya.

Mwangaluka wahariri. Mimi mkulima wa tumbaku Urambo, nina mabani mawili ya kukaushia. Kuna mwaka wanunuzi wengi bei inachangamka, kuna mwaka mnunuzi mmoja unachukua anachokupa unanyamaza. Siruhusiwi kumuuzia nimtakae, lazima ipite AMCOS, yaani chama chetu cha ushirika cha msingi, na pembejeo nimekopeshwa. Sasa hapo mimi niko huru au mtumwa? – Mkulima, Urambo

Mwangaluka nawe. Tumbaku kwa kweli inakula watu. Kitalu, kupandikiza, kupalilia, kuchuma jani moja moja, kulifunga kwenye vijiti, alafu bani linakesha na moto usiku na mchana na wewe unakesha nalo, joto likizidi jani linaungua, likipungua linaharibika rangi, baadae kuchambua madaraja na kufunga marobota. Ukihesabu masaa yote hayo ukaja kugawanya na ulichobaki nacho baada ya kukatwa deni la pembejeo unaweza kulia.

Sasa kiini cha swali lako mimi nakiona kwenye daraja. Mkulima aliyechambua vizuri anapaswa kulipwa zaidi ya aliyerundika tu, hapo ndo tija inapojengwa, mana msimu ujao atachambua vizuri zaidi. Lakini kama mnunuzi ni mmoja, akisema hili robota daraja la chini utampeleka wapi mwingine? Utakubali. Na ukishakubali mara mbili tatu unaacha kujisumbua na uchambuzi, kwa nini ujisumbue. Uhuru unaokuhusu wewe hapo ni uhuru wa kukataa bei, na huo unaletwa na idadi ya wanunuzi kuliko hotuba yoyote. Mwaka 2018 kampuni moja kubwa iliondoka nchini na wakulima wengi mlibaki mmeshika vichwa, miaka iliyofuata wakaongezeka wanunuzi zikiwemo kampuni za wazawa na watu wakarudi kupanda. Wakulima hawakubadilika, kilichobadilika ni idadi ya wanunuzi mlangoni.

Ila na wewe nikwambie ukweli, mkataba wenyewe sio utumwa. Anayekukopesha mbolea na dawa bila dhamana ya maana anachotegemea ni kwamba tumbaku itapita pale mlipokubaliana alipwe. Nusu ya wakulima wakiitorosha usiku kwa anayelipa kesh, mwakani hakuna mtu atakopesha na wewe mwaminifu utaumia pamoja nao. Kinachouma ni mkataba ambao mkulima hajausoma. Kabla hujasaini mwambie katibu wa AMCOS akusomee kilo ulizokubaliwa, pembejeo zimehesabiwa kwa dola ngapi, na malipo yanaingia tarehe gani, na kama tarehe haimo muulize kwanini haimo. Hela inayochelewa miezi ni hela ambayo haikununua mbolea ya mahindi kwa wakati.

Kuhusu waliotaka kurudisha mamlaka za mazao kama zamani (mmoja wa jirani zako katuandikia hivyo), mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika ikaweka mamlaka zake zinunue mazao yote nchi nzima, mnunuzi mmoja, bei moja, malipo yakifika yamefika. Muulizeni mzee yeyote hapo kijijini ilikuwaje.

Na kuni. Masaa ya kutafuta kuni nayo ni masaa ya kazi, hata kama anayezitafuta ni mke na watoto na hakuna anayeyaandika popote. Mabani yaliyoboreshwa yanayokula kuni kidogo yanaokoa muda na misitu ya miombo pia, warina asali wa Sikonge watakushukuru.

Vijana shikamooni mimi nimeitikia mwenyewe. Kila nikisoma humu mnaliponda Azimio la Arusha, mimi nimesoma bure mpaka nikawa mwalimu, bila Azimio ningekuwa nachunga ng'ombe Nzega. Semeni wazi, Ujamaa ndo ulitufukarisha? – Mwalimu mstaafu, Isevya, Tabora

Shikamoo mzee wetu, hatujakuponda wewe. Na utuwie radhi tukisema yote mawili kwa pamoja.

Azimio la 1967 lilikupeleka shule, ni kweli, na mfanyakazi anayejua kusoma maelekezo ya mashine ni tija hiyo hiyo tunayoitafuta. Hicho kipande vipimo vya uhuru wa uchumi havikioni vizuri. Ila kwenye shamba mambo yaliharibika, hasa ile Operesheni ya Vijiji ya 1973 mpaka 1976, watu wakahamishwa wakasogezwa barabarani, wengine mashamba yao ya zamani yakawa mbali mno, mnunuzi akawa mmoja na bei anapanga yeye. Mwanzoni mwa miaka ya 80 sukari na sabuni zikawa za foleni, na mzee unajua mtu akishinda foleni tangu alfajiri siku hiyo hajalima wala hajafundisha. Mwaka 1983 ikaja vita ya wahujumu uchumi, watu wakaficha na kile kidogo kilichokuwepo. Kuna ukame wa 1973 na 74 hapo, kuna mafuta kupanda bei mara mbili, kuna vita ya Kagera, huwezi kumtwika Mwalimu Nyerere kila kitu. Lakini bajeti ya 1984 ilipolegeza uingizaji wa bidhaa, na Mzee Mwinyi alipoingia 1985 na ruksa yake, maduka yalianza kujaa kabla hatujajenga hata kiwanda kimoja kipya, kwahiyo sehemu ya shida ilikuwa ni kufungwa mikono tu.

Wachina walijaribu kujifungua mikono kwa namna ya hatari. Kijiji cha Xiaogang mkoa wa Anhui, 1978, wakulima 18 walisaini kwa siri kugawana shamba la kijiji kila kaya ilime kipande chake, wapeleke fungu la serikali na kinachozidi kiwe chao, wakijua kabisa wangeweza kufungwa. Mavuno yakaruka, na baada ya miaka michache nchi nzima ikafuata. Ardhi ilibaki ya umma mzee, haikuuzwa kwa mtu. Kilichobadilika ni nani anakula kinachozidi. Na mpaka leo China kwenye hivyo vipimo vya wazungu haipati alama za kujivunia, ila tija ya wafanyakazi wake imepanda kwa kasi ambayo wenye alama nzuri wengi hawajaifikia, kwa hiyo ukiona mtu ana orodha ya nchi mkononi anadhani amemaliza kila kitu, mpuuze kidogo.

Jibu langu fupi kwa swali lako, shule ilikuwa sahihi na kumpangia mkulima bei ilikuwa makosa.

Mhariri pole na kazi. Mimi ni mjane niko Simbo, Kigoma, marehemu aliniachia ekari mbili za michikichi ya zamani. Nataka kuing'oa nipande ile mbegu mpya ya Tenera ila shemeji zangu wanasema shamba la ukoo, nikipanda wao wataamua. Nimesikia kuna hati ya kimila. Je nikiwa na hati mawese yataongezeka kweli au ni karatasi tu? – Mama wa watoto watatu, Simbo

Pole sana mama. Swali lako limeenda kwenye kitovu cha haya mambo kuliko mengine yote.

Mchikichi unaupanda leo, matunda ni kama miaka mitatu mbele. Miaka mitatu ya kupalilia na kuweka mbolea kitu ambacho hakikulipi chochote. Tenera inatoa mafuta mengi kuliko ile ya zamani, hilo kituo cha utafiti cha TARI Kihinga watakuonyesha kwa macho, na tangu serikali ilipoanza kampeni ya michikichi 2018 miche imekuwa ikigawiwa. Lakini nani ataweka nguvu ya miaka mitatu kwenye shamba ambalo shemeji anaweza kulichukua siku mkungu wa kwanza unaiva? Hakuna, labda malaika. Kwahiyo unaacha miti ya zamani, na mtu akija na karatasi zake ataandika wanawake wa Kigoma tija yao ndogo.

Ghana kule Akwapim waliliona hili wazi. Wakulima wenye nguvu kwenye uongozi wa kijiji walikuwa wanapumzisha mashamba yao yarudishe rutuba, wasio na nguvu, hasa wanawake, waliogopa kuyapumzisha mana shamba lililolala linaweza kupewa mwingine, kwahiyo wakalima mfululizo mpaka udongo ukachoka na mavuno yakashuka. Rwanda wao walisajili viwanja na mashamba zaidi ya milioni 10, na pale usajili ulipopita watu waliongeza kazi ya kulinda udongo, wanawake wakiwa mbele zaidi. Na mfano mwingine ninaoupenda ni wa Peru. Miaka ya 90 watu wa mitaa isiyopimwa mijini walipewa hati za nyumba zao zaidi ya milioni moja, na mtafiti Erica Field akakuta watu wameongeza masaa ya kufanya kazi nje ya nyumbani, kwa sababu rahisi sana, mwanzoni ilibidi mtu mzima abaki nyumbani kulinda kiwanja kisivamiwe. Hati ikamtoa mlinzi akaenda kazini.

Sasa kwako. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanaume ya kumiliki ardhi ya kijiji, hilo lishike kichwani hata ukikutana na mzee anayesema mila hairuhusu. Anzia kwa mwenyekiti na mtendaji, ulizia kama kijiji kina mpango wa matumizi bora ya ardhi, mana bila huo zoezi la hati huwa linakwama. Majirani waje wathibitishe mipaka, shemeji zako nao waitwe mbele ya watu, sio uende kimya kimya alafu wapate sababu ya kupinga baadae. Kabla ya yote shughulikia mirathi, hapo ndo wajane wengi wanateleza, unaweza kuwa na kila kitu ila hujathibitishwa kwamba mali ya marehemu iko mikononi mwako kihalali. Wakigoma kuna Baraza la Ardhi la Kijiji, na tafuta wasaidizi wa kisheria Kigoma mjini, wapo wanaosaidia wajane bure.

Usitegemee benki. Tangu MKURABITA ianzishwe 2004 tumekuwa tukiambiwa hati itageuka mtaji, na yule mchumi wa Peru, Hernando de Soto, ndo alikuwa mshauri mkuu wa hilo wazo. Mabenki mengi bado yanasita na hati ya kimila, mana shamba la kijijini kuliuza deni likishindikana ni kazi. Kwahiyo hati ichukulie kama ulinzi wa kupanda, hela tafuta kwenye vikoba au halmashauri kwenye ile mikopo ya wanawake.

Na hati haikamui mawese. Kama utaendelea kuchemsha kwenye pipa na kukamua kwa mkono na kuuza dumu kwa mchuuzi anayepita, utapata mafuta mengi kidogo na kuchoka kwingi zaidi. Tafuteni wanawake wenzako mkodi au mnunue mashine ya kukamulia, na zile mise, yaani kokwa za ndani, msizitupe wala kuwauzia watu kwa bei ya bure, mafuta yake wenye viwanda vya sabuni wanayataka.

Mimi nina karakana ya kuchomelea Mwanga, vijana saba. Sheria za kazi zinanifunga, siwezi kumfukuza mzembe bila barua na vikao. Si mnasema uhuru unaongeza tija? Nipeni na mimi uhuru wa kufukuza. – Bosi mdogo, Mwanga, Kigoma

Bosi, hivyo vipimo kweli vinakutetea, urahisi wa kuajiri na kufukuza wanauhesabu kama uhuru. Mimi hapo nakubali nusu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haikukatazi kumtoa mzembe, inakutaka uwe na sababu na ufuate utaratibu, na uwe na mkataba wa maandishi, na masaa 45 kwa wiki ya kawaida. Ukweli mabosi wengi wadogo wanapigwa CMA, ile tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, kwa sababu hawakuwahi kuandika onyo hata moja, sio kwa sababu sheria inapenda wazembe.

Na uhuru wa upande mmoja unaua. Rana Plaza kule Bangladesh, 24 Aprili 2013, nyufa zilionekana jana yake, wafanyakazi wa nguo hawakutaka kuingia, wakalazimishwa, jengo likaanguka wakafa zaidi ya watu 1,100. Mwenye kiwanda alikuwa huru sana. Aliyekosa uhuru ni yule aliyesema leo siingii.

Kabla hujafukuza mtu, kaa karakanani wiki moja uandike tu muda unapotelea wapi. Huko India, viwanda vya nguo karibu na Mumbai, watafiti wakiongozwa na Nicholas Bloom waliwafundisha mabosi mambo ya kawaida kabisa, kuandika mashine imeharibika lini na kwa nini, kupanga stoo, kusafisha sakafu, tija ikapanda asilimia 17 mwaka wa kwanza na wafanyakazi ni wale wale. Nina wasiwasi utakuta vijana wako wanamsubiri aliyetumwa mjini kununua welding rodi, au wanasubiri umeme. Kigoma iliendeshwa na majenereta ya dizeli miaka na miaka, fundi gani angekuwa na tija hapo hata ungempa uhuru wa Singapore nzima?

Nasafirisha maharage gunia tano tano kutoka Kasulu kuja Kigoma mjini, kwenye geti moja kila mara natozwa ushuru, siku nyingine bila risiti. Ni halali? – Mchuuzi, Kasulu

Gunia tano za kilo mia ni nusu tani. Kwenye mabadiliko ya 2017 serikali iliondoa ushuru kwa anayetoa mazao halmashauri moja kwenda nyingine yasiyofika tani moja, na kwenye mazao ya chakula ikashusha kiwango. Kwahiyo nenda ofisi ya mapato ya halmashauri uwaombe wakuonyeshe wanatoza kwa kifungu kipi, wakuandikie. Getini omba risiti ya mashine kila mara, ile ya karatasi ya daftari usiipokee, na asipokuwa na mashine usilipe, mpigie mtendaji hapo hapo ukiwa umesimama. Gari lisipopakia vya wengine juu ya vyako itakuwa rahisi zaidi, mana wakikuta tani mbili kwenye fuso moja wanazihesabu zote za mtu mmoja, kwahiyo kila mwenye mzigo awe na karatasi yake yenye jina na idadi ya gunia.